Mfarishi wa viraka wa mtoto wa kaka yangu: leso za bibi, robo inchi, na neno moja lililoniumbua

ShangaziLangoni | Jumamosi, saa 3 usiku

Assalam alaykum wanajamvi. Miezi miwili iliyopita niliuliza humu kama kuna aliyewahi kushona mfarishi wa viraka, yaani tandiko la vipande vya nguo vilivyoungwa, kwa mkono. Nilijibiwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa akiniuzia cherehani. Basi nimeushona mwenyewe, umeisha, na uko kwa mwenyewe. Naandika nilivyofanya na nilipoharibu, na nilipoharibu ni pengi.

Kaka yangu amepata mtoto wa kwanza, wa kike, kazaliwa kusi ikivuma haswa. Shangazi yake ni mimi peke yangu. Sikuweza kwenda arobaini mikono mitupu, na sikutaka kupeleka lile blanketi la manyoya la dukani lenye picha ya dubu, ambalo kwa joto la Lamu mtoto akifunikwa dakika tano ashatoka vipele.

Bibi yetu alifariki mwaka juzi, akaacha sanduku la leso, yaani kanga. Nyingi zilishatolewa sadaka. Zilizobaki ni zile zilizochakaa, ambazo mtu anaona haya kumpa mwenzake. Hata hivyo nguo za marehemu ni mirathi, si za kujichukulia, kwa hiyo nilimwuliza baba na ami zangu mmoja mmoja. Ami mdogo akasema chukua zote ila ile nyekundu ya maembe, hiyo niachie. Nikamwachia. Nilibaki na leso tano, nusu doti kila moja, pamoja na kikoi cha babu kilichotoboka pale anapofungia.

Leso iliyofuliwa miaka ishirini ni laini kuliko pamba yoyote mpya utakayouziwa, na ilishasinyaa ilichosinyaa, ilishachuja ilichochuja. Ubaya wake ni kwamba imeliwa katikati. Inyanyue mbele ya dirisha, utaona mwanga unapita pale ilipokuwa ikikaliwa na kufungwa. Hapo usikate. Kata kwenye pindo na pembe za mji (ile sehemu ya ndani ya pindo), ambako nguo bado ina nguvu.

Nilitaka pia kutia shati la shule la kaka yangu, lile la samawati, mama amelihifadhi miaka yote. Nikavuta nyuzi mbili nikaziwasha kiberiti. Uzi wa pamba ukiungua unatoa harufu ya karatasi na unaacha jivu laini. Wa shati uliyeyuka, ukajikunja ukawa kidonge kigumu cheusi. Nguo ya namna hiyo haishiki mkunjo wa pasi, inateleza mkononi, na ikikaa karibu na mtoto ina joto. Shati likarudi kabatini.

Kufua. Hata kama ni kuukuu, fua kila rangi mbali. Mimi nafulia maji ya kisima ambayo yana chumvi chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na nguo ikikauka inakakamaa. Kwa hiyo suuza ya mwisho nilifanya kwa maji matamu ya Shela. Leso nyeusi na nyekundu zijaribuni hivi: lowesha pembe, ibane na kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Cheupe kikibaki cheupe, endelea. Kikipata waridi, rudi kwenye beseni.

Sasa vipimo. Bibi asingekuwa na haja ya futi ya fundi, angesema mfarishi wa mtoto ni mikono miwili kwa miwili, na hapo ndipo nilipofika: inchi 36 kwa 36, wari kamili. Kila kiraka nilikikata inchi 5 kwa 5. Unakula robo inchi kila upande kwa kushonea, kinabaki inchi 4 na nusu, yaani nusu shubiri. Nane mara nne na nusu ni 36. Kwa hiyo safu nane za viraka vinane, jumla 64. Kigezo nilikikata kwenye boksi la sabuni, nikakibadilisha kila baada ya viraka ishirini, maana boksi likisuguliwa na penseli linaliwa pembeni na viraka vinaanza kukua kimya kimya.

Hiyo robo inchi ndiyo iliyonitoa jasho. Safu ya viraka vinane ina mishono saba, na kila mshono una pande mbili. Ukizidisha milimita moja tu kila upande, mwisho wa safu umepoteza milimita 14. Safu yangu ya kwanza na ya pili zilipishana kidole kizima. Nilifumua usiku huo huo. Tangu hapo nilichora mstari wa robo inchi kwa penseli nyuma ya kila kiraka, vyote 64, nikashona juu ya mstari. Inachosha. Fanyeni.

Kabla ya kuunga nilivitandaza vyote uani juu ya mkeka ili niangalie rangi. Nilikuwa nimevipanga kama zidaka za ukuta wa nyumba za kale, vyeusi pembeni na vyekundu katikati, nimeridhika mwenyewe. Nikaingia ndani kuzima jiko. Kurudi, paka wa jirani amelala katikati na safu tatu ziko chini ya ngazi. Sikuwa nimeandika mahali popote kipi kinakaa wapi. Mara ya pili niligandisha karatasi yenye namba kwenye kila kiraka.

Nikipata nafasi kesho naendelea na bitana na kushona tabaka.

---

BarazaYaMkunguni | saa 3:40 usiku

Dada, kwa heshima zote, haya mambo ya viraka ni ya Wazungu wanaokuja Shela. Sisi kiraka ni alama ya dhiki. Mtoto anazaliwa leo mnamfunika matambara ya marehemu? Dukani nguo zimejaa.

---

ShangaziLangoni | saa 4:05 usiku

Kaka yangu, hiyo leso aliyoivaa mamako kwenye harusi yako ilianza kama viraka. Neno lenyewe "leso" limetokana na Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi. Karne ya 19 ikielekea mwisho wanawake wa pwani hii walikuwa wananunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, wanakata sita, wanaunga vitatu juu na vitatu chini, inakuwa nguo moja. Iliitwa leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona akina mama wanahangaika na sindano ndipo wakaanza kuagiza nguo nzima ya mchoro mmoja. Lile duka la Mombasa la Kaderdina Hajee Essak, ambalo chapa yake "Mali ya Abdulla" mnaiona kwenye ukingo wa leso mpaka leo, lilianza 1887.

Na nikuulize: kofia ya vito uliyovaa hapo barazani si vitambaa viwili vilivyoshikanishwa kwa sindano, tundu kwa tundu, miezi? Na wanaume wenzako nao huishona. Hiyo hamuiiti dhiki.

---

BarazaYaMkunguni | saa 4:11 usiku

Haya nimenyamaza. Endelea.

---

BintiWaHando | Jumapili, saa 1 asubuhi

Niko Malindi, nimesoma yote nikitoka zamu. Mimi ni Mgiriama, na bibi yangu alikuwa na hando, lile vazi jeupe la mikunjo mingi. Ukilifumua hando moja unapata marekani ya kutosha shuka. Lake lilipochakaa mama alilifanya winda za watoto watatu, mimi wa mwisho. Kwa hiyo hilo la matambara ya marehemu lisiwatishe watu, sote tumekulia humo.

Swali langu ni joto. Katikati umetia nini? Hapa dukani kuna ile pamba nyeupe ya plastiki ya kutilia mito, niliishona mara moja, mtoto alilowa jasho kama katoka baharini.

---

ShangaziLangoni | Jumapili, saa 8 mchana

Hiyo ndiyo nilitaka kuifikia. Mimi pamba ya kujaza sikutia kabisa. Nilifikiria usufi, kwa sababu godoro za kwetu zilikuwa za usufi na mtu analala vizuri. Lakini usufi haushikamani. Kwenye godoro unabanwa na mfuko, kwenye mfarishi mwembamba ukifua mara moja unakimbilia pembe moja kama mchanga, labda ushone mistari ya karibu karibu kama kofia. Na vumbi lake kwa kichanga silipendi.

Katikati nilitia shuka la flana la zamani, jembamba, lililokwisha manyoya. Ukipenda tia kikoi kikuukuu, au usitie kitu, uso na bitana peke yake vinatosha kaskazi ikiingia. Bitana ni bafta, ile nguo nyeupe nyembamba ya pamba. Niliikata inchi 40 kwa 40, yaani imezidi uso inchi mbili kila upande, kwa sababu ukishona tabaka tatu kile cha chini kinavutwa na kurudi ndani. Utakata ziada mwisho.

Kuunga viraka: shona safu safu kwanza, kisha unga safu na safu. Safu ya kwanza pigia pasi mishono yote ilale kulia, ya pili ilale kushoto, ya tatu kulia. Ukizikutanisha, mkunjo mmoja unaingia kwenye mwenzake kama meno, na pembe nne za viraka zinakutana pale pale. Mimi sina uvumilivu wa pini nyingi, lakini kwenye makutano hayo nilitia pini kila moja. Umeme ulikatika safu ya sita, nikamaliza na pasi ya makaa ya mama. Ina uzito ambao ya umeme haina, mishono ililala kama imekanyagwa na punda. Weka kitambaa juu ili cheche zisidondoke.

Uzi uwe na urefu wa mkono mmoja, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukiurefusha kwa uvivu wa kutunga sindano unajisokota na kukatika. Baba mkwe wangu hushona matanga ya majahazi, akanipa kipande cha nta ya nyuki: pitisha uzi juu ya nta mara mbili, kisha uvute kati ya vidole. Haufungi mafundo na hauchaniki manyoya. Alinitazama nikishona akasema kidole changu kitakufa, akanitafutia subana, kile kikofia cha kuvalia kidole. Alisema kweli, kilikuwa kimeshakufa.

Kwa viraka nilipiga bandi, sindano inaingia na kutoka mstari mmoja, ndogo ndogo, michomo minane hivi kwa inchi, na kila michomo mitano narudi nyuma mmoja. Huo wa kurudi ndio unaozuia mshono mzima kuachia siku uzi ukikatika sehemu moja.

Kisha tabaka tatu: bitana chini, flana kati, uso juu. Tandaza sakafuni, ibane bitana isicheze, halafu piga bandi kubwa za muda kila nusu shubiri, ukianzia KATIKATI kwenda nje. Nasisitiza katikati. Ukianza pembeni unasukuma nguo iliyozidi kuelekea kati, na mwisho una kitovu kilichovimba ambacho hakilali hata ukikikalia. Halafu ndiyo unashona zenyewe. Mimi nilipita hanamu, pembe hadi pembe ya kila kiraka, na kurudi upande wa pili, kila kiraka kikapata msalaba wa uzi mweupe. Kila jioni kwa muda wa saa mbili, wiki tatu.

---

FundiWaMalindi | Jumapili, saa 10 jioni

Bi Shangazi, kazi nzuri, lakini wiki tatu? Mimi nina cherehani ya mguu, ya kukanyaga, hiyo kazi naimaliza siku mbili na mshono ni imara kuliko wa mkono. Watu wasitishike wakaacha. Viraka ungeniletea ningeviunga asubuhi moja. Mkono ubakie kwenye ukingo tu.

Na ukingo umeufanyaje? Kuna watu wanajitesa kukata hanamu wakati pembe zao ni za mraba.

---

ShangaziLangoni | Jumapili, saa 2 usiku

Fundi, sibishi. Cherehani inaunga viraka vizuri na robo inchi unaipata kwa kuangalia mguu wa mashine. Mwenye nayo atumie. Mimi sina, na wa kunishonea hapa mtaani alitaka hela ambayo ningenunua mablanketi matatu ya dubu. Ila tabaka tatu kwa cherehani niliwahi kuona kwa jirani: kitambaa cha juu kilitembea mbele cha chini kikabaki, pakatokea mikunjo nyuma. Wewe fundi utajua dawa yake.

Ukingo nilikata vipande vilivyonyooka, upana inchi mbili na nusu, kutoka kwenye leso moja kwa urefu wake. Leso ina inchi kama 60, vipande vitatu vikiungwa vinatosha kuzunguka 144 na vya pembe vinabaki. Unaukunja mara mbili kwa urefu, unaushona mbele, unaupindua nyuma na kuupinda kwa mkono. Umesema kweli, hanamu ni kwa mviringo tu.

---

FundiWaMalindi | Jumapili, saa 2:20 usiku

Dawa ni kulegeza mguu wa mashine usikandamize sana, na zile bandi zako za muda ziwe karibu karibu. Na kushona mistari yote kuelekea upande mmoja, si huu unakwenda huu unarudi.

---

ZamuYaUsiku | Jumapili, saa 5 usiku

Salaam. Mimi ni muuguzi wa wadi ya wazazi, sitasema wapi. Naomba mnivumilie, maana hili kila mara halisemwi kwenye mazungumzo ya zawadi za watoto.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na mfarishi, blanketi lililolegea wala mto. Alale chali, juu ya kitu kigumu kilicho bapa, bila kitu laini karibu na uso. Kichanga hana nguvu wala akili ya kujitoa nguo usoni. Na akipata joto kupita kiasi hilo nalo ni hatari, si vipele tu.

Zawadi yako si bure. Mfarishi utandike sakafuni akiwa macho, alale kifudifudi juu yake ajifunze kuinua kichwa, na mtu awe hapo hapo anamtazama. Au mama aukunje mapajani akinyonyesha. Akivuka mwaka ajifunike.

La pili, vifungo, shanga na vishada vya pembeni msitie. Na hesabuni pini. Ulianza na ngapi, umemaliza na ngapi?

---

ShangaziLangoni | Jumatatu, saa 12 asubuhi

Ahsante sana dada, na nakiri mbele ya wote: mimi nilikuwa nimeutandika kwenye susu. Nilimpigia wifi usiku huo huo. Akaniambia ameshautoa siku ya pili, kaambiwa hayo hayo kliniki, lakini aliona haya kuniambia. Sasa uko ukumbini juu ya mkeka.

Pini nilianza na 40. Niliposoma maneno yako niliamka kuhesabu: 39. Wifi aliupapasa mfarishi wote shubiri kwa shubiri, hakuona kitu. Nikachukua sumaku ya spika mbovu nikapita nayo kwenye mkeka wangu. Ilikuwa imejichoma kwenye ukili, kichwa kimekatika. Nililala tena saa 9.

---

MwanaWaUghaibuni | Jumatatu, saa 4 asubuhi

Uzi mtamu. Niongeze kimoja. Kusini magharibi mwa India, jimbo la Karnataka, kuna watu wanaitwa Wasidi, asili yao ni Afrika, wengi mababu zao walivushwa bahari kutoka pande zetu hizi za mashariki. Wanawake wao wanashona mifarishi ya viraka vya nguo kuukuu inaitwa kawandi, mingi ni ya watoto na wajukuu. Wao hawaungi uso kwanza kama ulivyofanya. Wanatandaza kitambaa kimoja kikubwa cha chini, wanaanza pembeni, wanashona kiraka juu ya kiraka kwa bandi wakizunguka kuelekea katikati mpaka paishe. Na kwenye pembe nne lazima watie pembetatu za vitambaa vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani maua. Bila hayo kwao mfarishi uko uchi.

Angalia ulivyosema kuanza katikati. Wao wanaanza pembeni na haivimbi, kwa sababu hawana uso ulioungwa tayari wa kusukuma. Kila kiraka kinawekwa kulingana na nafasi iliyobaki.

---

ShangaziLangoni | Jumatatu, saa 9 alasiri

Hii sikuijua na nimeipenda. Kwa njia hiyo hata robo inchi haina nafasi ya kumuonea mtu. Wa pili nitajaribu hivyo, na pembe nitatia maua, lakini ya kitambaa kilichoshonwa hadi ndani, dada wa zamu asije akanifokea.

---

BintiWaHando | Jumatatu, saa 10 alasiri

Shangazi, kichwa cha uzi kinasema neno lililokuumbua. Tumefika Jumatatu hatujaliona.

---

ShangaziLangoni | Jumatatu, saa 3 usiku

Nilikuwa naomba msahau.

Moja ya zile leso tano ilikuwa ya manjano na nyeusi, mji wake umeisha kabisa, imebaki imara pindoni na pale penye jina, yaani yale maneno ya leso. Nilikuwa nimepungukiwa viraka vyeusi. Usiku, umeme hakuna, tochi ya simu mdomoni, nikaweka boksi langu juu ya ule ukanda wa maandishi nikakata vitatu. Mimi naangalia weusi wa herufi na umanjano wa nyuma, naona mchanganyiko mzuri. Sikusoma. Herufi zilikuwa kichwa chini kwangu na nilizishona hivyo hivyo.

Siku ya arobaini nyumba imejaa, udi unafuka, mfarishi umefunguliwa katikati ya ukumbi, wanawake wanaupitisha mkono. Mashallah, mashallah. Mimi nimekaa upande mmoja najifanya sijali. Upande wa pili, uso kwa uso na mimi, amekaa mamake wifi. Bi Mkubwa yule ni mpole, ila kati yake na mama yangu kulikuwa na maneno kidogo wakati wa posa, habari ya mahari, yameisha zamani. Kwa hiyo tuseme yameisha.

Nikamwona anavaa miwani. Anainama. Anapita na kidole safu ya pili, kiraka cha tano. Kile ambacho kwangu kilikuwa kichwa chini, kwake kimesimama wima. Kidole kikaenda polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kikatulia. Halafu akaniita, kwa sauti ya chini kabisa:

"Ndoo hapa, mwanangu. Neno hili ni langu mimi?"

Kiraka kilisema HASIDI.

Leso ilikuwa ile ya "Hasidi hana sababu". Inchi tano zilitosha herufi sita kamili, hata nafasi ya pembeni ikabaki. Kiraka cha pili, safu ya saba, kilisema ANA SA. Hicho hakikuwa na kesi. Cha tatu kilikuwa na BABU, na ami mdogo akadhani ni kumbukumbu ya babu, akafurahi mpaka machozi. Sikumwambia.

Mnajua pwani hii leso inavyosema. Mtu hununua leso mahsusi, akapita nayo mbele ya mlango wa mtu bila kufungua kinywa, na ujumbe ukafika. Sasa mimi shangazi mtu nimeshona neno hilo kwa mkono wangu, wiki tatu, nikaliweka mbele ya mama wa mzazi, hadharani, siku ya arobaini. Nani ataamini nilikuwa natafuta rangi nyeusi?

Nikamwambia ukweli. Tochi mdomoni, umeme, herufi kichwa chini. Mama yangu naye akaingilia kunitetea, jambo ambalo halikusaidia. Bi Mkubwa akavua miwani, akaikunja, akasema "Haya," akaomba kahawa.

---

BarazaYaMkunguni | Jumatatu, saa 3:06 usiku

😂😂😂 Wallahi nimecheka mpaka wenzangu barazani wameuliza. ANA SA!

---

FundiWaMalindi | Jumatatu, saa 3:15 usiku

Umefumua kiraka au umeacha? Kufumua katikati ya mfarishi uliokwisha ni kazi ya maudhi. Kata kiraka kingine inchi 5, kunja robo inchi pande zote kwa pasi, bandika juu ya hicho, shona ukingo wake kwa mkono, michomo ya kuficha, ukipita uso tu usiguse bitana. Kisha rudia msalaba wako.

---

ShangaziLangoni | Jumatatu, saa 3:50 usiku

Ndivyo nilivyofanya, kesho yake asubuhi, kwa kipande cha kikoi cha babu. Nilikwenda kushonea nyumbani kwa wifi, makusudi Bi Mkubwa awepo aone kwa macho yake. Alikaa karibu yangu akanishikia pembe. Hakusema lolote la hasidi. Alisema michomo yangu ni mikubwa, akanipokonya sindano akamaliza upande mmoja mwenyewe. Upande huo unaonekana kabisa, umeshinda wangu.

---

ZamuYaUsiku | Jumatatu, saa 4 usiku

Alhamdulillahi, basi kaisha hasira.

---

ShangaziLangoni | Alhamisi, saa 1 usiku

Nimerudi kwa sababu nataka ushauri, na safari hii mnijibu.

Leo mtoto mdogo kanibishia hodi na mfuko wa plastiki. Umetoka kwa Bi Mkubwa, na ujumbe wa mdomo: kasikia natafuta leso kuukuu za kushonea mfarishi wa pili, basi ananichangia zake. Ndani mna leso tatu, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Mbili ni za maua, jina limeshafutika. Ya juu kabisa, iliyokunjwa hivi kwamba maandishi ndiyo ya kwanza kuyaona ukifungua mfuko, inasema SINA SIRI NINA JIBU.

Si kuukuu hata kidogo. Bado ina ule ugumu wa dukani.

Nikate, nisikate, au nivae niende nayo kumshukuru?

---

BintiWaHando | Alhamisi, saa 1:10 usiku

Vaa!! Tafadhali vaa, kisha rudi utuambie.

---

FundiWaMalindi | Alhamisi, saa 1:25 usiku

Ifue kwanza, mpya hiyo itachuja. Ukikata, kata mji tu.